Fundi Makochi na Ngazi ya Mtafiti

Mtaani kwao watafiti walikuja kama mvua, ila mvua angalau haiulizi maswali. Walikuja waliouliza habari za mbu, wakaacha vyandarua. Wakaja waliouliza habari za maji ya kunywa, wakaacha ndoo zenye mifuniko. Mara zote mbili kinyozi wa pale kona aliambulia patupu, kwa sababu alikutwa anasikiliza redio kubwa yenye taa za rangi, na mtu mwenye redio ya namna hiyo anahitaji nini tena duniani? Tangu hapo mtaa ulishika somo: akija mtu na kishikwambi mkononi, ficha kila kinachong'aa.

Kwa hiyo mwenyekiti wa mtaa alipopita nyumba hadi nyumba kutangaza kwamba kesho atakuja mtafiti wa kuchunguza jinsi watu wanavyopanda na kushuka katika jamii, Fundi Makochi hakuhitaji maelezo zaidi. Alimgeukia mkewe.

"Waliopanda hawapewi kitu," alisema. "Hilo hata kuku analijua."

Balaa lilikuwa sebuleni. Baada ya kumaliza ujana wake akipigilia sponji na vitambaa kwenye viti vya watu wengine, Fundi alikuwa amejitengenezea seti yake mwenyewe: mahameli ya zambarau, vifungo vilivyozama sawasawa kwenye egemeo, miguu ya mbao aliyoipiga msasa mpaka mkono ukipita hausikii kitu. Watu walikuwa wakija kuitazama kama wanavyokwenda kumwona mtoto mchanga. Sasa ikageuka kuwa ushahidi dhidi yake.

"Tuipeleke kwa mama muuza mkaa," alisema.

"Thubutu! Kanikatalia hata jiko langu la gesi," mkewe akajibu. "Anasema umaskini wake kautafuta kwa jasho, hataki mtu amharibie."

Kesho yake asubuhi televisheni zilivuka barabara zimefunikwa mashuka kama wagonjwa. Kama mtafiti alitaka kuona mwendo katika jamii, angewahi kufika tu, angejionea. Vitu vyote viliishia kwa kinyozi, ambaye alikuwa amekwishakata tamaa na mambo ya misaada, na duka lake likajaa mpaka mteja akanyolewa huku amebanwa na friji. Baadaye utafiti ulimtaja kuwa mfano bora wa kijana aliyejikwamua. Hongera yake.

Fundi naye alijitwisha mgongoni lile kochi la watu watatu, akatoka nalo ameinama. Mlangoni alipishana na baba yake.

Mzee huyu alikuwa hamali wa sokoni tangu ujana mpaka magoti yalipomgomea. Mchana alibeba magunia, na jioni, wenzake wakienda kupumzika, alibeba mengine, ili apate ada ya kumsomesha mwanawe kwa fundi mmoja maarufu asiyefundisha bure hata mpwa wake. Sasa aliishi chumba cha nyuma, na starehe yake ilikuwa kuketi kwenye kochi lile na kumwambia kila mgeni, atake asitake, "Hili kaliunda mwanangu."

"Limeuzwa?" mzee aliuliza.

"Linapumzika, baba. Leo tukae kimaskini kidogo."

Mzee akaguna.

Mtafiti alikuwa binti mpole, mwenye viatu vyeupe ambavyo tope la mtaa lilivipokea kwa shangwe. Aliwaamkia wote, akakalishwa kwenye kigoda, akatoa kadi yenye picha ya ngazi.

"Juu kabisa wapo wenye maisha mazuri kuliko wote," alieleza, "na chini kabisa wapo wenye hali ngumu kuliko wote. Baba yako, alipokuwa na umri wako, alikuwa kipandio kipi?"

Fundi akaweka kidole kwenye kipandio cha tatu.

"Na wewe leo?"

Alifikiri kama anayepima kitambaa cha mteja mkorofi, kisha kidole kikateremka mpaka chini kabisa. "Nimeporomoka, dada."

"Pole sana. Huo ufundi ulisomeshwa na nani?"

"Nisomeshwe na nani? Niliokoteza tu mwenyewe. Kwetu hakuna aliyenishika mkono."

Aliyasema haraka, kwa ile sauti ya kuombea ndoo, na hakugeuka kumtazama baba yake aliyekaa pale pale ukutani. Mkewe ndiye aliyegeuka, akaacha kufagia.

"Na wewe, babu, una la kuongeza?" binti aliuliza.

"Ninalo, mjukuu wangu. Andika. Mimi maisha yangu yote nilibeba mizigo mgongoni. Na huyu, leo asubuhi, nimemwona kwa macho yangu kabeba mzigo mgongoni. Hajaenda popote."

"Kazi imerithiwa," binti alisoma huku akiandika, uso umechangamka kama aliyeokota kitu. Akawashukuru, akampa Fundi kalamu moja yenye nembo ya mradi, akasimama.

"Na misaada?" Fundi aliuliza.

"Misaada gani? Sisi tunachunguza tu."

Fundi aliitazama kalamu. "Basi futa, dada. Nilikosea. Baba yangu ndiye aliyenisomesha."

"Samahani, fundi. Watu wakisikia hakuna msaada ndipo huanza kujikweza. Tumefundishwa kwamba jibu la kwanza ndilo la kweli."

Akaenda zake nyumba ya pili, kwa mama muuza mkaa.

Fundi akachuchumaa mbele ya mzee. Aibu ilikuwa imemshika kweli kweli, hata kalamu hakujua aiweke wapi. "Baba, usiyaweke moyoni. Yalikuwa maneno ya kutafutia riziki tu."

"Najua. Hata mimi sokoni nilidanganya sana, sikulaumu kwa uongo." Mzee alijiinua taratibu, mkono ukutani. "Ila mimi sina shamba, sina nyumba. Mtu akiniuliza nguvu zangu zote zile zilikwenda wapi, ninakuonyesha wewe. Ndilo jibu langu, sina jingine. Na leo umemwambia mgeni, mimi nipo hapa nasikia, kwamba sikuwahi kuwapo."

Akaenda chumbani kwake, akafunga mlango. Fundi alimfuata mpaka uani, akasimama nje ya mlango ule.

"Baba yangu ndiye aliyenisomesha!" alipaza sauti. "Alibeba magunia mpaka jioni! Nimepanda, na yeye ndiye aliyenipandisha!"

Kichwa cha mama muuza mkaa kikachomoza juu ya ukuta. "Wewe, punguza sauti!" alinong'ona kwa hasira. "Mtafiti yuko kwangu, utatuponza wote!"

Fundi akarudia, kwa sauti kubwa zaidi.