Kizingiti cha Inchi Tatu

Siku ya kwanza kumwona Nyaruai, alikuwa mbele ya ukuta niliokuwa najenga, ameketi kwenye kiti chake cha magurudumu, anapima nafasi ya mlango kwa tepu ya kupimia nguo. Ilikuwa mwaka wa 2005, nyuma ya soko moja la Kitale. Tulikuwa tunajenga vyoo vipya, na chumba kimoja kilikuwa cha walemavu.

"Fundi, hapa ni inchi ishirini na sita," akasema. "Kiti changu ni ishirini na saba. Gurudumu moja nitaacha nje?"

Mimi huwa sina maneno mbele ya watu. Niliendelea kukoroga simiti. Sellah, muuza sukumawiki aliyekuwa amemsukuma, akacheka. "Ati fundi ni bubu? Si umwandikie barua basi!"

Kesho yake nilibomoa upande mmoja, nikapanua mlango hadi inchi thelathini na sita. Sikumwambia. Alikuja akapima mwenyewe, akakunja tepu yake.

Nyaruai alikuwa mtu wa Endebess. Polio ilikausha miguu yake akiwa mtoto. Alishona sare za shule kwenye kibanda pale sokoni, kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, na watu walimsifu kwa vifungo visivyong'oka. Vyoo vya zamani vilikuwa na ngazi nne, kwa hivyo kwa miaka tisa Sellah alimbeba mgongoni. Ili asimchoshe, Nyaruai alikuwa hanywi kitu tangu asubuhi hadi jioni. Daktari alikuwa amemwonya mara mbili juu ya figo.

"Mimi ndiyo gari yake," Sellah aliniambia, "na hii gari inaenda Bungoma mwisho wa mwezi. Mzee wangu amepata kazi Mabanga. Maliza hiyo choo, bana."

Nilijenga mteremko. Vyuma vya kushikilia niliviweka pale mkono wa Nyaruai ulipofika, nikatia alama kwa msumari. Mlango niliufanya ufunguke nje.

"Nitafunga mwenyewe?" akauliza.

"Utafunga."

Siku ya mwisho nilimalizia sakafu. Huku kwetu mvua ikishika, maji hutiririka hadi vyooni, kwa hivyo kila fundi humaliza mlango kwa kizingiti cha inchi tatu. Hakuna anayeambiwa. Mikono yangu imekijenga tangu nilipotoka darasa la saba. Nilikijenga, nikakilainisha kwa mwiko, nikakifunika na magunia yenye maji.

Siku tatu baadaye Nyaruai alikuja na watu wa soko nyuma yake. Alipanda mteremko peke yake. Kwenye mlango magurudumu madogo ya mbele yakagonga kizingiti. Akarudi nyuma kidogo, akasukuma tena. Yakagonga tena.

Sellah akaweka kikapu chini, akainama, akampa mgongo.

"Nitakitoa Jumatatu," nikasema.

Jumatatu alfajiri Kimotho, mkandarasi wetu, alitupakia kwenye lori kwenda Kanduyi kuanza kazi nyingine. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia. Alikuwa ameketi mbele, dirisha liko wazi. Sikusema.

Nilirudi Kitale baada ya wiki sita, nikiwa na nyundo na patasi. Kizingiti kilitoka kwa nusu saa. Nikasawazisha sakafu, nikangoja ikauke. Kwenye kibanda cha Nyaruai kulikuwa na mtu wa vitunguu.

"Mama wa cherehani? Alirudi kwao," akasema. "Yule wa kumbeba si alienda? Alikaa siku nne hivi, akafunga kibanda."

Nilienda Endebess. Nilimkuta uani, mashine iko juu ya meza, anashona mfuko wa shati. Choo cha kwao kilikuwa na mlango mpana wa mbao na njia ya udongo ulioshindiliwa. Dada yake alileta birika. Nyaruai alikunywa kikombe kizima, akajiongezea.

"Nimekitoa," nikasema.

"Chote?"

"Chote. Sakafu iko sawa na nje."

Alivuta uzi, akaukata kwa meno.

"Vizuri," akasema. "Mwingine atapita."