Jiwe Chini ya Mtungi

Nilikuwa sijatimiza miaka kumi, tukikaa Msambweni, siku kimondo kilipoanguka mchana kweupe kwenye shamba letu la muhogo. Kulitokea mshindo, kuku wakatawanyika, nami kwa utundu wangu nikawa wa kwanza kufika. Nilikuta jiwe jeusi, dogo lakini zito ajabu, nikalipakata hadi nyumbani.

Babu alifurahi kupita kiasi. Chuoni, tulikosomea Kurani, tulifunzwa kwamba malaika huwarushia vimondo mashetani wanaotega sikio kuiba siri za mbinguni. Mdogo wangu Hamadi, wa miezi minne, alikuwa na homa tangu jana yake.

"Hili limetoka mkononi mwa malaika," Babu alisema. "Liwekeni chini ya mto wa mtoto."

Bibi alishika kiuno. "Limetoka kwa malaika, sawa. Na limempiga nani? Hilo limegusa shetani, mume wangu. Halilali na mjukuu wangu!"

Mama, macho yamemvimba kwa kukesha, alimtazama huyu, akamtazama yule. Mimi ndiye niliyechanganyikiwa kabisa. Niliwapenda wote wawili, na sikuona ni yupi amekosea. Jiwe likawekwa chini ya mto. Babu alipokwenda kuswali alasiri, Bibi alilichomoa akanipa.

"Kalitupe baharini, mwanangu. Usigeuke nyuma."

Sikufika baharini. Niliogopa: je, ikiwa Babu ndiye mkweli, na Hamadi akafa kwa sababu yangu? Nikarudi kwa mlango wa uani, nikalisukumiza chini ya mtungi wa maji, ule uliokuwa ukiyumba. Ukatulia.

Magharibi Mama alimkimbiza Hamadi hospitali. Siku ya tatu homa ikashuka, wakarudi.

"Si niliwaambia?" Babu alitamba. "Jiwe limefanya kazi."

Bibi aliniinamia sikioni. "Umeona? Lilipotoka tu, akapona."

Nilikwenda kuchota maji mtungini. Dawa ya Hamadi ilikuwa ikichanganywa na maji ya mtungi uleule, yaliyopelekwa hospitali kila siku.

Wazee wangu wametangulia. Hamadi ana duka Kombani, na kitambi juu. Shuleni nilifundishwa kwamba kimondo ni jiwe la angani tu, huwaka likipita hewani. Niliandika hivyo kwenye mtihani, nikapata vema.

Wiki iliyopita binti yangu alishikwa na homa. Nilimpeleka kwa daktari, nikampa dawa, akalala. Kisha nikalitoa kabatini jiwe lile la chini ya mtungi, nililolitunza miaka yote. Nilisimama nalo kizingitini mwa chumba chake muda mrefu, nisijue niingie nalo au niliondoe nyumbani.