Mama wa Jukwaani Aliyekaa Bukura

Mwaka mmoja baada ya uhuru nilikuwa mwalimu mpya katika shule ya wasichana mjini Kakamega. Siku moja alitujia mama mmoja Mnorwe, mrefu, raba zake zimejaa tope jekundu. Mumewe alikuwa akifundisha kilimo katika chuo cha Bukura, karibu na mji wetu. Alimweleza mwalimu mkuu, kwa Kiswahili cha kuokoteza, kwamba kwao alikuwa mwigizaji wa jukwaani na wa sinema, na sasa amechoka kukaa akitazama mahindi yakiota. Je, angeweza kutufundisha kuigiza?

Tukapewa ukumbi kila Jumamosi asubuhi. Katika igizo la kwanza mimi nikawa mama anayemuaga bintiye anayeolewa mbali. Nililia kwa sauti, nikashika kichwa. Akanisimamisha.

"Mwalimu, usilie. Mfunge mtoto kitambaa vizuri. Basi."

Nikamfunga msichana aliyeigiza binti yangu kitambaa cha kichwa, taratibu, fundo likinikatalia. Nilipoinua macho, mama wa watu alikuwa akifuta machozi.

Tukawa tunakaa kwenye ngazi baada ya mazoezi, tukinywa chai. Alianza kazi Oslo akiwa msichana wa miaka kumi na tisa, akiigiza kijakazi wa kuleta barua, maneno manne tu. Akapanda hadi nafasi kubwa, akaigiza katika filamu tatu. Kisha mume akapata kazi huku.

"Nilidhani miaka mitatu ni kidogo," aliniambia. "Lakini kila ikifika saa moja jioni mwili unajiandaa. Mikono inatafuta poda. Halafu nakumbuka hakuna anayenisubiri."

Muhula wa pili alipata barua. Ukumbi wake wa zamani wa Oslo ulikuwa unamtaka, na mkataba wa mumewe ulikuwa umebakiza mwaka mzima.

"Ungekuwa wewe?" akaniuliza.

"Nenda, mama." Nilisema haraka, maana ningengoja kidogo ningemwomba abaki.

Kabla ya kuondoka alinipendekeza kwa kikundi cha maigizo cha Nairobi, nao wakaniita. Nilimpa baba barua yao tukiwa mezani. Aliisoma mara mbili, obusuma, ugali wetu, ukipoa mbele yake.

"Mwalimu mzima ukawachezee watu?"

"Ni kazi, baba."

"Kazi ya nani hapa kwetu?"

Nikanawa mikono, nikatoa vyombo. Jumatatu nilikuwa darasani kama kawaida.

Kwa miaka kadhaa yule mama Mnorwe alinitumia vipande vya magazeti ya kwao. Maneno sikuyaelewa, nilitazama picha. Mara bibi kizee, mara malkia, mara mlevi aliyekaa sakafuni. Filamu zake hazikufika Kakamega.

Nilimwona akiigiza mara moja tu, Jumamosi moja, alipotuonyesha namna mjane anavyokaa kwa mara ya kwanza kwenye kiti cha marehemu mumewe. Kilikuwa kiti cha darasa la tatu, kifupi kwake. Labda ilichukua dakika mbili. Hadi leo natamani ningemwomba arudie.