Hakimu Anayejua

Hakimu wetu wa mahakama ya mwanzo ana vidole virefu. Akisikiliza kesi huvikunja polepole, kama anayekamua. Mimi niliyeishia darasa la saba, nikiwa kwenye benchi la wasikilizaji, huwa nimeshahukumu kabla hajafika kidole gumba.

Jana shemeji wa Marieta, yule mama mjane wa kijiji cha Tlawi, alidai ng'ombe mtamba aliye zizini kwa mjane huyo ni wake, kwamba alimletea amtunzie tu, kama ilivyo desturi yetu. Marieta hakuwa na shahidi.

“Mheshimiwa, si unanunua maziwa kwangu? Ulimwona mtamba huyu akizaliwa zizini mwangu.”

“Nilimwona, mama. Ndiyo maana siwezi kuamua.”

Akafunga jalada apewe hakimu mwingine, akavua koti, akashuka hadi kwenye benchi letu.

“Sogea, mzee,” akaniambia. “Mama huyu sasa ana shahidi.”