Kioo cha Kushoto na Salamu za Mama

Nianze na ujinga wangu: nilimimina mafuta ya kupikia kwenye mlango wa gari la mama. Niliyamimina kwa zile raba ndefu ambazo kioo hupitia kikipanda na kushuka. Kilikuwa kinalia kikipanda, nikaona kama mafuta yanatelezesha chapati, kioo ni nani? Siku mbili kilipanda kimya. Nikajipongeza, na sikumwambia mtu.

Wiki ya tatu kikakwama chini, katikati ya mji, upande wa kushoto, kwangu. Mama akabonyeza swichi yake ya dereva. Kimya. Nikabonyeza ya mlangoni kwangu. Kimya. Vumbi la Machakos likaingia na kukaa mapajani mwangu kama mtoto wa jirani.

Kwa fundi, nyuma ya soko, tulikuta foleni. Tukangoja. Zamu yetu ilipofika, fundi alinyoosha kidole kimoja, akabonyeza, na kioo kikapanda kwa heshima zote. Kikashuka. Kikapanda tena. Nilitamani kukitukana.

"Mwaitu, hii gari haina shida," alimwambia mama, akimwita vile tunavyowaita mama zetu kwa Kikamba. "Shida ni watoto. Wanacheza na swichi."

"Watoto gani? Mimi niko na mmoja tu."

"Basi ni huyo."

Wakanigeukia wote wawili. Jamani! Nilikuwa na kosa langu, tena nimelificha vizuri, na hapa nahukumiwa kwa kosa ambalo halikuwepo! Fundi hakufungua mlango, hakugusa waya, hakuuliza kioo kinakwama saa ngapi. Aliniangalia uso tu akatoa ripoti.

"Mpaka hicho kioo kipone," mama akasema, "hakuna mpira."

Jumapili ilikuwa fainali ya mtaa wetu. Mimi ndiye golikipa. Yule wa akiba hufunga macho mpira ukija.

Hasira ilinifundisha ufundi. Fiuzi? Fiuzi ikiungua haifufuki, na kioo hiki kilifufuka. Swichi? Zilikuwa mbili, haziwezi kufa pamoja na kupona pamoja. Zilibaki waya na mota inayokipandisha kioo. Halafu nikakumbuka kitu: kioo chochote kikianza kupanda, ile taa ndogo ya ndani, juu ya vichwa vyetu, hufifia kidogo, kwa sababu mota inavuta umeme. Nikaamua kioo kikikwama tena, nitaiangalia hiyo taa.

Ijumaa tukaenda sokoni, nami nikahesabu salamu. Lazima ujue mama yangu hawezi kumpita mtu anayemjua bila kumsalimia, na anawajua wote. Kwake, kupunga mkono ni dharau. Watu hutembea kando ya barabara, upande wa kushoto, kwa hivyo ni kioo changu kinachoshushwa. "Wĩ mũseo?" yaani, u mzima? Goti linaendeleaje? Ng'ombe amezaa? Halafu anakipandisha, kwa maana vumbi pia halipendi. Hatua ishirini mbele, kinashuka tena. Na anayeitwa mchezea swichi ni mimi!

Salamu ya thelathini na moja ilipita. Ya thelathini na mbili, ya mwalimu wa kwaya, kioo kilishuka kikagoma kupanda.

"Mama, washa taa ya juu. Sasa bonyeza swichi."

Akabonyeza. Taa haikutikisika.

"Umeona? Mota haivuti hata kidogo. Imepata joto ikajizima isiungue. Ikipoa itaamka, kama ilivyoamka tulipongoja kwenye foleni ya fundi."

"Nani amekufundisha huo uongo?"

"Tungoje tu."

Tukaegesha kivulini karibu robo saa. Mama akautumia huo muda kusalimia watu wengine watatu. Kisha akabonyeza, na kioo kikapanda mpaka juu. Midomo yake ilitaka kucheka.

Ningenyamaza hapo, ningekuwa shujaa. Lakini akauliza, "Na mbona zamani nilisalimia hivi hivi na haikuchoka?"

"Raba ziko na uchafu, kioo kimekuwa kizito," nikasema kwa maringo, na ili kumwonyesha nikapitisha kitambaa ndani ya raba. Kikatoka na uji mweusi, mzito, unaong'aa. Mama akakichukua, akakinusa. Akanusa tena.

"Haya ni mafuta yangu ya chapati."

Nikaeleza yote. Mafuta hushika vumbi, vumbi hukaba kioo, mota hufanya kazi ya punda. Alisikiliza mpaka mwisho, na hilo ndilo lililonitisha.

Jumamosi asubuhi nilisugua raba kwa maji ya sabuni ya vyombo mpaka vidole vikakunjamana. Nikazikausha, nikapaka dawa ya raba ya kupuliza, ambayo fundi yule yule alinipa bila kuniomba msamaha. Hajaniomba hadi leo. Kioo kikapanda chepesi. Nikamweleza mama kwamba hata hivyo mota inahitaji kupumzika: salamu nyingine ziwe za kupunga mkono tu.

Kisha nikauliza, nikitazama viatu vyangu, kama kesho nacheza.

"Utacheza," mama akasema. "Lakini utaenda kwa miguu nyuma ya gari, na kila mtu nitakayempungia mkono kama mtu mwenye maringo, wewe utasimama, umpe mkono, na umuulize goti lake linaendeleaje."