Kandambili za Friji

Ukoo mzima ulimwita Kiberiti, na walimwita hivyo kwa kumsema, si kwa kumsifu. Ukimgusa tu, anawaka. Ajabu ni kwamba hakuna hata mmoja wao aliyewahi kujiuliza ni nani alikuwa akimsugua kila siku. Kiberiti alikuwa msusi mwenye saluni ya vioo viwili karibu na soko. Wateja wake walisema ana mkono mwepesi na ulimi mkali, na kwamba huo mkono ndio uliowafanya wauvumilie huo ulimi.

Alikulia katika nyumba ya baba yake, nyumba ya zamani yenye kuta nene. Nyaya za umeme zilipita juu ya ukuta, zikiwa zimepakwa rangi pamoja na ukuta wenyewe mara nyingi sana, hata zikavimba kama mishipa ya mkono wa mzee. Na nyumba ile ilikuwa na adabu zake. Swichi ya bafuni hukuibonyeza kwa kidole. Uliibonyeza kwa mpini wa mwiko, na mwiko wenyewe ulining'inia hapo hapo kwenye msumari. Pasi na birika havikuwashwa pamoja. Soketi ya sebuleni, iliyounguza ukuta mpaka ukawa mweusi, ilifunikwa kwa picha ya harusi ya wazazi. Na mbele ya friji zilikaa kandambili za mpira, jozi moja kubwa, mali ya kila mtu. Mgeni akija alisalimiwa, akapewa kiti, na kabla hajapewa maji ya kunywa alielezwa habari za kandambili.

"Friji letu lina hasira," mama yao alikuwa akisema huku akicheka. "Lakini ukilijulia halina neno."

Basi Kiberiti alikua akidhani kila friji duniani linapiga shoti. Aligundua vinginevyo akiwa mtu mzima, siku fundi umeme alipomaliza kazi pale saluni na kuwasha friji dogo la vinywaji. Kiberiti alisimama mbele yake, akaangaza macho sakafuni huku na huku.

"Unatafuta nini, dada?" fundi akauliza.

"Kandambili."

"Za nini?"

"Si za kufungulia friji?"

Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaona kuwa mwenzake hacheki, naye akanyamaza. Akamweleza kwamba friji zima halimpigi mtu, na nyumba iliyofungwa umeme vizuri ina waya unaozama ardhini, kazi yake kuupeleka huko umeme uliopotea njia ili usipite mwilini mwa mtu. Kiberiti akamsikiliza hadi mwisho. Hapo ndipo alipowaka, na kusema kweli hakuzimika tena. Miaka yote ile walikuwa wamelelewa kuliheshimu friji bovu kama wanavyoheshimiwa wakwe!

Wiki ile ile alimpeleka fundi kwa mama yake. Fundi alizunguka vyumba vyote, akaishusha picha ya harusi, akaguna, akairudisha. Kisha akafungua kisanduku cha fyuzi. Mahali palipotakiwa kuwa na kijiwaya chembamba kama uzi palikuwa na kipande cha waya mnene, kimekunjwa kwa koleo.

"Nani kaweka hiki?"

"Mwanangu mkubwa," mama akajibu kwa fahari. "Fyuzi zilikuwa zinatusumbua, kila mara zinakatika. Tangu aweke huo, hazijakatika tena."

"Mama, fyuzi imewekwa ikatike," fundi akasema. "Nyaya zikizidiwa, hiyo ndiyo inajitoa mhanga. Sasa humu kitakachoungua ni nyumba."

Kiberiti alisema gharama zote atabeba yeye, hata siku ile kazi ianze. Lakini mama akatikisa kichwa. Ukuta wa marehemu baba hauchimbwi bila kaka mkubwa kujua. Wakampigia simu, na sauti yake ikasikika hadi uani.

"Nyumba imesimama kabla sisi hatujazaliwa! Umeme nimeutengeneza kwa mkono wangu huu, na haujawahi kukatika. Mwambie huyo fundi wako akatafute wa kuwadanganya mtaa mwingine."

Fundi akakusanya vifaa vyake. Kiberiti akabaki amesimama chini ya kisanduku, meno yameumana. Tatizo ni kwamba binti yake mdogo alishinda kwa bibi kila siku yeye akiwa saluni. Na hata angemtoa mtoto, mama angebaki humo humo na mwiko wake.

Akawa anapita pale kila jioni akiwa na mambo mawili tu ya kusema: kumsalimu mama, na kuulizia waya. Mama anajibu la kwanza, la pili analicheka. "Punguza moto, mwanangu." Kila aliposikia neno hilo alitamani kuvunja kitu. Punguza moto! Nyumba nzima inanuka plastiki iliyoungua, na anayeambiwa apunguze moto ni yeye.

Alasiri moja alifika mapema kumchukua mtoto. Kabla hajabisha hodi akasikia sauti ndogo jikoni. Binti yake alikuwa na mwenzake wa nyumba ya jirani, mtoto wa rika lake, na binti alikuwa amepiga magoti akimvalisha mwenzake zile kandambili kubwa.

"Vaa kwanza," alikuwa akimwambia. "Friji la bibi lina hasira. Lakini ukilijulia halina neno."

Kiberiti akashikilia fremu ya mlango. "Nani kakufundisha hivyo?"

Mtoto akashangaa swali lenyewe. "Hakuna. Najua tu."

Safari hii hakupiga kelele. Alimtumia kaka yake ujumbe: Jumapili uje kwa mama, usipokuja nitavunja ukuta peke yangu kwa nyundo.

Kaka akaja, tena kwa kishindo. Alivua viatu mlangoni kama walivyolelewa, akaingia na soksi zake, akakalia kiti cha baba. Mama akakaa pembeni, mikono mapajani. Mtoto alikuwa uani akicheza na mchanga.

"Wewe ni kuwaka tu!" kaka akafoka. "Tangu utotoni! Umefungua kisaluni, basi umekuwa mkuu wa umeme?"

"Nimefungua kisaluni nikajua kwamba watu wengine hawaogopi friji lao!"

"Watu tumeishi humu, nani amekufa? Nitajie mmoja!"

"Kwa hiyo unasubiri wa kwanza?"

"Nyumba hii haina tatizo!" Akainuka, kidole hewani. "Haina tatizo lolote! Tatizo ni wewe!"

Koo lilikuwa limemkauka kwa kufoka, akaelekea kwenye friji kuchukua maji. Na miguu yake, bila kumwomba ruhusa mwenye miguu, ikaingia kwenye kandambili, kulia, kushoto. Akafungua mlango.

"Kaka," Kiberiti akasema polepole. "Umevaa nini?"

"Nini?"

"Miguuni."

Akatazama chini. Mkono wake ukaachia mlango wa friji.

"Vua," Kiberiti akasema. "Si haina tatizo? Vua ushike."

"Usinichezee wewe."

Mama aliinuka. Hakuwa akicheka. "Vua, mwanangu," akasema. Kaka, mtu mzima mwenye wajukuu njiani, akavua. Mama akaziokota na kuzitupa dirishani. Zikaangukia uani kwenye mchanga.

Kaka alibaki na soksi zake juu ya saruji, mlango wa friji uko wazi mbele yake, na hakuusogelea.

Ndipo mtoto akaingia mbio kutoka nje, amezikumbatia kandambili kifuani. Akachuchumaa mbele ya mjomba wake na kuzipanga miguuni pake.

"Mjomba, vaa upesi, litakupiga," akasema. Alikuwa peku, mikono na nyayo bado zina unyevu wa mchanga. Alipotaka kusimama akayumba kidogo, akanyoosha mkono ajishikize kwenye ubavu wa friji.

"Usiguse!"

Kaka ndiye aliyepiga ukelele ule. Alimnyakua mtoto juu juu kabla Kiberiti hajamaliza hatua ya kwanza, akarudi naye nyuma hadi ukutani, akihema. Mtoto akaanza kulia kwa kuogopa sauti. Mjomba akambeba vivyo hivyo mpaka kwenye kisanduku, akashusha swichi kuu, na friji likanyamaza.

"Mwite fundi wako," akasema bila kugeuka.

Kiberiti alikuwa na simu mkononi, lakini hakupiga.

"Kwanza useme. Mbele ya mama."

Kaka akamtazama mama yake, akatazama kile kipande cha waya mnene alichokikunja mwenyewe.

"Nyumba ina tatizo," akasema.

Ndipo Kiberiti akampigia fundi.