Jeli Niliyojipaka kama Mafuta

Kijijini walisema sitapata mke kwa uso ule uliowaka na kuota vipele. Mimi, niliyejisomesha Dar es Salaam nikarudi na diploma, nikaenda hospitali nikaandikiwa jeli. Daktari alisema nipake kidogo tu, kiasi cha punje ya karanga. Baada ya wiki chache vipele vikaanza kuisha, na mchumba nikapata.

Siku ya kujitambulisha ukweni, kijiji cha Zuzu, niliona mwanamume wa hadhi yangu hawezi kwenda amepauka. Nikajipaka tyubu nzima mpaka nikang'aa. Nikapanda baiskeli, na upepo wa Dodoma ukanimwagia vumbi njia nzima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mama mkwe akamwita binti yake. "Njoo umwone mwenzio, amekandikwa udongo kama nyumba ya tembe."

Nikaletewa maji, nikanawa mbele ya ukoo mzima. Mama akanikagua tena, taratibu.

"Kumbe ndani mna uso. Mpeni kiti."